Mita 50 mpya za Los Angeles hazijaharibu kuogelea, na wala sio njia ya mkato kwetu

Tangu Aprili 2025, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipopitisha ratiba ya Los Angeles 2028 na kuongeza mbio za mita 50 za mtindo wa mgongo, wa kifua na wa kipepeo kwa wanaume na wanawake, nimesoma maoni mengi sana ya watu na karibu yote yanaangukia upande mmoja kati ya pande mbili. Upande wa kwanza wanalalamika, wanasema hii ni biashara ya televisheni, kuogelea kumekatwa vipande vidogo vidogo ili medali ziwe nyingi, mbio zilikuwa 35 Paris sasa zinakuwa 41, na mchezo wenyewe umepoteza maana. Upande wa pili, ambao huku kwetu Afrika Mashariki ndio wengi, wanashangilia, wanasema umbali mfupi unataka nguvu, nguvu tunazo, kwa hiyo mlango wa medali umefunguka rasmi. Mimi naona wote wamekosea na kosa lao ni moja. Wanadhani kuna kuogelea "kwenyewe" kulikoshushwa tangu zamani, halafu sasa kumeguswa, ama kwa ubaya ama kwa faida yetu. Ukweli ni kwamba ratiba ya kuogelea siku zote imepangwa na watu mezani, wenye mabwawa na wenye kura, na mita 50 ni marekebisho ya haki yaliyochelewa. Lakini hizo hizo mita 50 ndizo zitakazotuumbua vibaya kuliko mbio nyingine zozote kama tutaendelea kuandaa waogeleaji wetu hivi hivi.

Anza na historia maana hoja ya "wameharibu mchezo" inakufa hapo hapo. Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896, hawakuogelea bwawani kabisa, walipelekwa baharini kwenye ghuba ya Zea kule Piraeus, maji ya baridi, na Alfréd Hajós wa Hungary akashinda mita 100 na mita 1,200. Siku hiyo hiyo kulikuwa na mbio ya mita 100 ya mabaharia wa jeshi la majini la Ugiriki peke yao, yaani mwenyeji aliamua tu kwamba anataka mbio ya watu wake na ikawa mbio ya Olimpiki. Paris 1900 wakaogelea mto Seine, na ratiba ilikuwa na mbio ya vikwazo ambapo mtu anapanda nguzo, anapita juu ya mashua na nyingine anapita chini yake, pia kulikuwa na mashindano ya kuogelea chini ya maji. St. Louis 1904 Wamarekani wakapima kwa yadi, kwenye ziwa la kuchimbwa. Na hapo sasa wanaosema mita 50 ni uzushi wa kizazi cha simu wanisikilize vizuri: 1904 kulikuwa na mbio ya yadi 50 ya Olimpiki. Zoltán Halmay wa Hungary alionekana kafika kwanza, jaji wa Kimarekani akasema Scott Leary ndiye mshindi, ikazuka vurugu, wakalazimika kurudia mbio na Halmay akashinda tena. Umbali mfupi ulikuwepo miaka 120 kabla ya mjadala huu, na ulikuwa na ushindani mpaka watu wanakunjana mashati.

FINA, shirikisho la dunia la kuogelea ambalo siku hizi linaitwa World Aquatics, ilianzishwa London mwaka 1908 wakati wa Olimpiki, na bwawa la mwaka ule lilikuwa na urefu wa mita 100, limejengwa katikati ya uwanja wa riadha. Bwawa la mita 50 lenye kamba za kugawa leni tulilizoea kuanzia Paris 1924. Kwa hiyo hata hicho kipimo chenyewe ambacho leo tunakiona kama sheria ya Mungu kilikuja baada ya karibu miaka 30 ya kubabaisha. Mitindo nayo ni hivyo hivyo. Kipepeo kilizaliwa kwa sababu waogeleaji wa mtindo wa kifua miaka ya 1930 waligundua kwamba sheria haikatazi kurudisha mikono juu ya maji, wakaanza kuwaacha wenzao mbali, mabishano yakaendelea miaka na miaka mpaka ikabidi mtindo huo utenganishwe na upewe mbio zake Melbourne 1956. Melbourne hiyo hiyo Masaru Furukawa wa Japan alishinda mita 200 za kifua akiwa chini ya maji sehemu kubwa ya mbio, baadaye sheria ikabadilishwa. Mwaka 1988 David Berkoff wa Marekani akaja na staili ya kupiga teke la pomboo (miguu yote miwili pamoja kama mkia) chini ya maji karibu mita 35 kwenye mtindo wa mgongo kabla ya kuibuka, wakaweka kikomo cha mita 10, kisha 15. Yaani mchezo huu umekuwa ni mtu anagundua kitu, wakubwa wanakaa, wanaamua kama wakikubali au wakipige marufuku.

Na sio kila aliyegundua alipewa heshima. Mwaka 1844 wanaume wawili wa kabila la Ojibwe kutoka Amerika Kaskazini walioneshwa London wakiogelea kwa kuzungusha mikono juu ya maji, na walikuwa na kasi kweli, lakini Waingereza wakaona ule uogeleaji ni wa fujo usiofaa kwa mtu mstaarabu, wakaendelea na kifua chao. Kapteni Matthew Webb alivuka mlango bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875 kwa mtindo huo wa kifua, saa 21 na dakika 45. Miongo michache baadaye dunia nzima ya mashindano ikawa inazungusha mikono, na moja ya chanzo chake ni kijana wa Visiwa vya Solomon, Alick Wickham, aliyekuwa akiogelea hivyo kule Sydney kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakiogelea kwao. Nalitaja hili kwa sababu linahusu moja kwa moja nani anaitwa mwogeleaji halisi. Wanaoiandika sheria mara nyingi walikuwa wa mwisho kuelewa kinachokwenda kasi ndani ya maji.

Kama bado unaamini ratiba ya zamani ilikuwa ya haki, angalia wanawake. Waliruhusiwa kuogelea Olimpiki Stockholm 1912, wakapewa mbio mbili tu, mita 100 fristaili (mtindo huru) na kupokezana. Wanaume walikuwa na mita 1,500 tangu 1908. Wanawake mita 1,500 waliipata Tokyo, ile Olimpiki ya 2020 iliyofanyika 2021, miaka zaidi ya 110 baadaye, na Katie Ledecky ambaye alikuwa anawaacha wenzake nusu bwawa kwenye mashindano ya dunia kwa miaka mingi ndiye akawa wa kwanza kuishinda. Ukisema ratiba isiguswe kwa sababu ya utamaduni, basi unatetea na hilo.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe. Mita 50 fristaili iliingia Seoul 1988, Matt Biondi wa Marekani akashinda kwa sekunde 22.14 na Kristin Otto wa Ujerumani Mashariki kwa upande wa wanawake. Mbio fupi za mitindo mingine mitatu ziliingia mashindano ya dunia Fukuoka 2001. Maana yake kuanzia 2001 mpaka ratiba hii mpya ilipopitishwa kuna watu walikuwa mabingwa wa dunia wa kitu ambacho Olimpiki haikukitambua. Kwenye riadha ni kama kumwambia bingwa wa mita 100 kwamba Olimpiki tuna mita 200 tu, jipange. Na pengo hili limetugusa sisi kabisa. Jason Dunford wa Kenya, kijana wa Nairobi, kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo Beijing 2008 aliweka rekodi ya Olimpiki ya 51.14, ikavunjwa siku hiyo hiyo na Milorad Čavić, akaingia fainali na kumaliza wa tano. Miaka miwili baadaye Delhi akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mita 50 kipepeo. London 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi, lakini mbio aliyokuwa bingwa wake haikuwepo kwenye ratiba, ikabidi arudi kwenye mita 100. Farida Osman wa Misri alichukua shaba ya dunia mita 50 kipepeo Budapest 2017 na akairudia Gwangju 2019, medali za kwanza za Misri kwenye mashindano hayo ya kuogelea, na Olimpiki hakuwa na mahali pa kuipeleka. Hawa ni watu wawili wa Afrika ambao kilele chao kiliangukia kwenye pengo la ratiba. Kwa hiyo mtu akiniambia hizi mbio mpya ni za televisheni tu namuuliza, Farida alikuwa anaogelea kwa ajili ya televisheni gani?

Upande wa wapinzani kuna hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya medali. Kuogelea tayari ni mchezo ambao mtu mmoja mwenye kipaji anaweza kuondoka na kapu. Michael Phelps alichukua dhahabu nane kwenye Olimpiki ya Beijing pekee na kwa jumla 23 maishani, wakati bondia au mcheza mieleka anapigania moja tu. Ukiongeza mbio sita, mtu anayetawala mita 100 kipepeo anaweza kuongeza na 50, na nchi kama Marekani na Australia zinapata nafasi sita zaidi za kujaza jedwali. Hilo ni kweli na sioni sababu ya kulificha. Lakini ukiangalia mashindano ya dunia yalivyokwenda tangu 2001, mbio hizi fupi zimesambaza medali kuliko watu wanavyodhani. Roland Schoeman wa Afrika Kusini alikuwa bingwa wa dunia wa 50 kipepeo 2005 na 2007. Cameron van der Burgh, naye wa Afrika Kusini, alichukua 50 kifua 2009 na 2013. Brazil imepata mabingwa kwenye kipepeo, kifua na mgongo. Andriy Govorov wa Ukraine aliogelea 22.27 kwenye kipepeo mwaka 2018 na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kufika hapo. Mbio ikiwa fupi, kosa dogo linamwangusha mkubwa, na mtu aliyejikita kwenye kitu kimoja anaweza kumzuia yule anayeogelea mbio saba kwa wiki. Kwa hiyo nakubali wakubwa watafaidika, ila wa kati nao watafaidika, na hao wa kati hawakuwa na kitu kabisa.

Ninachokataa kabisa ni ile furaha ya upande wa pili, ya kwamba umbali mfupi ni wetu kwa asili. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu na inakuja na pacha wake, yule anayesema Mwafrika mifupa yake mizito haelei. Hizi mbili zinajifanya zinapingana, moja inatusifia na nyingine inatudharau, lakini zote zinakwepa swali la bwawa na kocha na kukimbilia damu. Anthony Nesty alitoka Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50, akamshinda Matt Biondi Seoul 1988 kwenye mita 100 kipepeo kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde, leo ni kocha na Paris 2024 alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani. Mifupa yake ilikuwa ya nini? Na kama nguvu za asili ndizo zingetupa umbali mfupi, basi eleza Tunisia. Oussama Mellouli alichukua dhahabu ya mita 1,500 Beijing 2008, halafu London 2012 akachukua kilomita 10 kwenye maji ya wazi. Ahmed Hafnaoui alishinda mita 400 Tokyo akiwa leni ya nane, kijana wa miaka 18 ambaye hakuna aliyemtazamia. Ahmed Jaouadi akawa bingwa wa dunia wa 800 na 1,500 Singapore 2025. Kirsty Coventry wa Zimbabwe, ambaye sasa ni rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, dhahabu zake mbili alizipata kwenye mita 200 mgongo. Ukichukua Waafrika waliopanda jukwaa la Olimpiki kwenye kuogelea, wapo kadhaa walioshinda kwenye umbali wa kati na mrefu, mahali ambapo hizo "nguvu za asili" tunazozihubiri hazina kazi kubwa. Walishinda kwa sababu mtu aliwahesabia mita zao asubuhi na jioni, miaka mingi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa nje ya mchezo hawalioni. Mbio ya mita 50 sehemu kubwa yake sio kuogelea. Sheria inakuruhusu kukaa chini ya maji mpaka mita 15 kwenye kipepeo na mgongo, na hizo ni asilimia 30 ya mbio nzima. Ukijumlisha mwitiko wa mlio, mruko, jinsi unavyoingia majini, mateke ya chini na kuibuka, utakuta mbio imeshaamuliwa nusu kabla mkono haujazunguka mara tatu. Kwenye mita 1,500 ukiruka vibaya una dakika 15 za kurekebisha. Kwenye 50 ukiruka vibaya umekwisha. Sasa jiulize mtoto wa Dar, Mwanza au Mombasa anajifunzia wapi kuruka. Ili uweke majukwaa ya kurukia, sheria za kimataifa zinataka kina cha maji kisipungue mita 1.35 upande huo, na jukwaa liwe juu ya maji kati ya nusu mita na sentimita 75. Mabwawa mengi tunayotumia ni ya hoteli na ya shule, yamechimbwa kwa ajili ya watu kupoa na watoto kucheza, mengine kina chake kinaishia kifuani, na kuna yaliyoandikwa kabisa ukutani kwamba ni marufuku kuruka. Kocha mwenye akili hawezi kumrusha mtoto hapo, atavunja shingo. Kwa hiyo mwogeleaji wetu anafanya mazoezi kwa kusukuma ukuta, miezi na miezi, halafu siku ya mashindano makubwa anapandishwa kwenye jukwaa lenye kibao cha kukanyagia mguu wa nyuma, aina ambayo dunia inaitumia kwa zaidi ya miaka 15, na yeye pengine ndio mara ya kwanza analikanyaga. Kwenye mtindo wa mgongo ndio usiseme, wenzetu wanaanza kwa kukanyaga kijukwaa kinachoning'inizwa majini ili miguu isiteleze, sisi bado tunakanyaga vigae. Mtu anayeniambia 50 mgongo ni fursa rahisi kwa Mtanzania naomba anioneshe hicho kijukwaa kiko bwawa gani.

Saa nayo ni ishu. Rome 1960 kwenye mita 100 fristaili wapima muda wote watatu wa leni ya Lance Larson wa Marekani walimpa muda mzuri kuliko John Devitt wa Australia, lakini majaji wa macho wakampa Devitt dhahabu, na kelele za siku ile zilisaidia kuusukuma mchezo kwenye saa za umeme zinazosimama mwogeleaji anapogusa ukuta. Mwaka 1972 Munich wakaenda mbali zaidi, Gunnar Larsson wa Sweden akampita Tim McKee wa Marekani kwa sehemu mbili za elfu za sekunde, baadaye wakagundua kwamba leni zenyewe hazijajengwa kwa usawa wa kiwango hicho, wakarudi kwenye sehemu za mia. Ndiyo maana Sydney 2000 Anthony Ervin na Gary Hall Jr waligawana dhahabu ya mita 50 kwa 21.98, na Rio 2016 Phelps, Chad le Clos na László Cseh wote watatu walipewa fedha ya mita 100 kipepeo kwa 51.14. Wenzetu wanabishana kwenye sehemu ya mia ya sekunde. Sisi mashindano yetu mengi bado mtu mzima anasimama pembeni na saa ya kubonyeza, kidole kikichelewa sehemu mbili za kumi muda wa mtoto umepotea au umepambwa. Kwenye mita 400 tofauti hiyo haina uzito, kwenye 50 ndiyo tofauti ya fainali na kutazama fainali. Na ubaya wake mkubwa sio medali, ubaya ni kwamba kocha hawezi kujua kama mtoto anapanda au anashuka, anafundisha kwa kukisia.

Vifaa pia. Wanaokumbuka mashindano ya dunia ya Rome 2009 wanajua, mavazi ya poliurethani (aina ya plastiki) yalisababisha rekodi 43 za dunia kwenye mashindano ya wiki moja, yakapigwa marufuku kuanzia Januari 2010. Wakati ule ilionekana wazi kwamba wenye hela ya vazi walikuwa wanawaacha wasio nayo, na ni wazi kasi ya juu ya umbali mfupi ndiyo inayolipwa zaidi na vifaa. Leo mavazi ni ya kitambaa lakini bado ni ghali na yanachakaa haraka. Na kofia tu ya kuogelea iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele za Kiafrika ilikataliwa kabla ya Tokyo, ikaja kukubaliwa 2022. Ukiweka haya yote pamoja unaona kwamba 50 ni mbio ya watu wenye miundombinu, sio mbio ya watu wenye misuli.

Lakini sitaki mtu aniambie nimekata tamaa, maana upande mwingine wa hesabu upo na ni wa kweli. Mwogeleaji wa mita 1,500 anahitaji leni yake peke yake saa nyingi kila siku, na kwenye nchi ambazo bwawa unalikodi kwa saa na unagawana na darasa la watoto wa chekechea, hilo haliwezekani. Mwogeleaji wa 50 anaweza kufanya kazi kubwa nje ya maji, jimu, kuruka, mipira mizito, na akiingia majini vipindi vyake ni vifupi. Bwawa la mita 25 lenye kina cha kutosha linamtosha kwa sehemu kubwa ya mwaka, japo lazima apate bwawa refu kabla ya mashindano maana zile mita 20 za mwisho, misuli ikishaanza kugoma, huwezi kuzijua kwenye bwawa fupi ambalo ukuta unakuja kukuokoa. Simu ya kawaida siku hizi inarekodi video ya taratibu kiasi cha kocha kumwonesha mtoto kidole gani cha mguu kimeteleza. Na umri hauwafungi kama kwenye umbali mrefu. Nicholas Santos wa Brazil alichukua fedha ya dunia mita 50 kipepeo Budapest 2022 akiwa na miaka 42. Kwetu ambako watu wengi wanajifunza kuogelea wakiwa wameshakua kidogo, hilo lina maana kubwa.

Kwa hiyo fursa ipo, ila ni fursa ya mtu aliyerekebisha vitu vitatu vinne vinavyojulikana. Ninachohofia ni kwamba vyama vyetu vitaichukua hii kama walivyochukua nafasi za upendeleo. Nchi ndogo zinapewa nafasi ya kupeleka waogeleaji hata kama hawajafikia muda, na kwa miaka mingi wengi wamekuwa wakiogelea 50 fristaili au 100 fristaili, wanatoka hiti (mchujo) za mwanzo mchana watu wakiwa kazini. Hilal Hilal wa Tanzania aliogelea 50 fristaili Rio 2016. Dunia inamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney 2000, mita 100 kwa 1:52.72, peke yake bwawani baada ya wapinzani wake wawili kuanza kabla ya mlio, na alikuwa amefanya mazoezi kwenye bwawa dogo la hoteli. Ninamheshimu sana yule bwana na nisingependa mtu amcheke. Ila nafasi za upendeleo ziliwekwa ili nchi zipate mwanzo, na miaka 25 baadaye sehemu nyingi tumezigeuza kuwa mwisho. Sasa tunaweza kuhamisha tabia ile ile kwenye 50 mgongo na 50 kifua, tukapata majina mapya kwenye ratiba na muda ule ule wa zamani.

Na tusidanganyane kuhusu Dunford na Farida. Dunford alisoma Stanford, Farida alisoma Berkeley, Coventry alipita Auburn, Nesty alipita Florida. Kipaji kilitoka nyumbani, miaka ya kunolewa ilitoka vyuo na shule za Marekani zenye mabwawa, makocha na madaktari. Sina shida na hiyo njia, mzazi akipata skolashipu ampeleke mtoto. Ila nchi inayotegemea kwamba familia chache zenye uwezo zitawatoa watoto nje haina programu, ina bahati. Kasarani ya Nairobi ina bwawa kubwa tangu Michezo ya Afrika ya 1987 na ukanda mzima ungeweza kulitumia zaidi ya linavyotumika, kambi za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania sio ndoto ya ajabu. Upande wa chini kabisa pia, kule wanakotokea waogeleaji, bado watoto wengi wa pwani na wa kandokando ya ziwa hawajui kuogelea kabisa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na Afrika ndiyo yenye kiwango kibaya kuliko kanda zote. Mradi wa Panje kule Nungwi, Zanzibar, ambao unawafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayoheshimu dini yao, umefanya kwa ajili ya siku za mbele za mchezo huu kazi ambayo kikao cha kamati hakijaifanya.

Los Angeles yenyewe ipo karibu mno. Bwawa litawekwa ndani ya uwanja wa SoFi, watu 38,000 watakuwa wanatazama, na mtu wa ukanda wetu ambaye leo haogelei 50 kipepeo karibu na sekunde 24 hawezi kutengenezwa kwa muda uliobaki. Ninayemwaza mimi ni mtoto wa miaka 12 au 13 sasa hivi, ambaye Brisbane 2032 atakuwa na umri wa kuanza kushindana na wakubwa. Dakar imepewa Olimpiki ya Vijana ya 2026, ya kwanza kufanyika Afrika, na vyama vikienda kule vikaangalie mita 15 za kwanza za wenzetu kuliko kuangalia jedwali la medali. Huyo mtoto hahitaji bwawa jipya la mita 50 la mabilioni kabla hajaanza. Anahitaji bwawa moja kila mkoa mkubwa lililochimbwa upande mmoja mpaka kina cha kuruka, majukwaa mawili yenye kibao, kijukwaa cha mgongo, saa ya kugusa ukuta kwenye mashindano ya taifa, na kocha anayelipwa mshahara badala ya nauli. Hayo yote mkandarasi wa kawaida na bajeti ya uwanja mmoja wa mpira wa ngazi ya wilaya wanayaweza, na kama chama cha kuogelea kimepeleka ombi la aina hiyo wizarani, basi kilitangaze hadharani ili wazazi wajue limekwama wapi.